Dawa ya macho nayo hufika kifuani

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu vizuizi vya beta nimeisoma yote. Mwandishi kaeleza vizuri jinsi dawa hizi zinavyopunguza kasi ya moyo na kushusha presha, zinavyosaidia wenye kipandauso na hata wanaotetemeka mikono. Kawaonya pia wenye pumu wasimeze propranololi, mojawapo ya dawa hizo. Alichokiruka ni kwamba si zote zinazomezwa. Yangu mimi ilikuwa ya matone.

Ni mwalimu mstaafu na pumu ninayo tangu utotoni. Nilipokutwa na presha ya macho niliandikiwa timololi, nayo ni kizuizi cha beta, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Macho yalipimwa kwa makini sana; habari za kifua hakuna aliyeuliza. Muda si mrefu nikawa nalala nimeegemea mito, kifua kinapiga mluzi, na pampu niliyoizoea naivuta lakini nafuu haiji. Aliyelifumbua fumbo ni muuguzi wa kliniki ya kifua. “Mwalimu, nitolee dawa zako zote mezani,” aliniambia, “na za macho pia.”

Tone likiingia jichoni, sehemu yake hupenya kwenye kitundu kilichoko kona ya ndani na kuteremka puani. Hapo huingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, kama kidonge kinavyopita. Likifika mapafuni, timololi hukalia palepale ambapo salbutamoli ya kwenye pampu hushika ili kutanua njia za hewa. Ndiyo maana nilivuta na kuvuta.

Nilibadilishiwa nikapewa latanoprosti, matone yasiyo ya kundi hilo, na presha ya macho imetulia. (Kope zimerefuka, kumbe ni kawaida ya dawa hiyo. Wajukuu wamepata la kunitania.)

Sina ugomvi na vizuizi vya beta. James Black, aliyevigundua, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na wagonjwa wengi wa moyo wako hai kwa sababu yake. Anayemeza vidonge hivyo asije akaviacha ghafla kwa kuogopa barua hii. Kuviacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Azungumze na daktari wake. Anayetumia timololi bila shida aendelee nayo, ila akishadondosha afumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili hivi. Dawa inayoteremka itapungua sana.

Ninachodai ni swali tu, liulizwe kabla chupa haijatolewa: una pumu, au ugonjwa mwingine wa mapafu, au moyo unaodunda polepole? Na mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, matone nayo ayape nafasi yake.

Mwalimu mstaafu,
Msomaji wenu