Tunapoagiza vifaa, tuwahesabu pia waliorudi mikono mitupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili katika huduma za mkoba, yaani zile huduma za chanjo, ushauri na matibabu ya awali ambazo watumishi wa afya na wahudumu wa jamii huwapelekea watu wanaoishi mbali na vituo. Vifaa huisha katikati ya mwezi, na kila vinapoisha lawama hutupiwa ufinyu wa bajeti. Bajeti ni finyu kweli, wala sina nia ya kulipuuza hilo, lakini upungufu mwingi huanzia kwenye fomu ya kuagizia, kabla hata fedha hazijaguswa.

Mara nyingi mwagizaji hutazama kiasi kilichotolewa mwezi uliopita na kuomba kiasi kilekile. Tuchukue mfano wa kituo kilichotoa pakiti 40 za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumnywesha anayeharisha, kisha kikaishiwa siku ya 20. Leja itaonyesha pakiti 40, na fomu itajazwa 40, ilhali katika siku ambazo stoo ilikuwa na kitu zilikuwa zikitoka pakiti 2 kwa siku, kwa hiyo mwezi wa siku 30 ulihitaji pakiti 60. Mwezi unaofuata stoo itakauka tena siku ileile, na leja itasoma tena 40. Hivyo uhaba huzaa uhaba huku taarifa zikionekana safi kabisa, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba wazazi walifika na watoto wanaoharisha wakaambiwa waje siku nyingine. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mzazi aliyerudishwa mara mbili ni vigumu kumwona mara ya tatu, na akishaacha kuja, hata uhitaji wake hatutaujua tena.

Jambo la pili ni muda wa kusubiri shehena. Kituo kinachotumia pakiti 60 kwa mwezi, na ambacho mzigo wake huchukua miezi miwili kufika, hakiwezi kuagiza pale kinapoona rafu ziko wazi. Kikijiwekea akiba ya tahadhari ya mwezi mmoja, kinapaswa kuagiza mara tu kinapobakiwa na pakiti 180. Hesabu hii ni ya kujumlisha na kuzidisha tu, na mtunza stoo yeyote anaimudu akipewa takwimu sahihi za matumizi na za siku ambazo mzigo hukaa njiani. Hata hivyo isitumike kama msahafu: pale ambapo ugonjwa huongezeka kwa majira, wastani wa miezi iliyotulia utampotosha mwagizaji, hivyo ni afadhali atazame leja ya majira kama hayo ya mwaka uliotangulia.

Vilevile vipo vifaa ambavyo kimoja hakifai kitu bila kingine. Chanjo ya surua hufika ikiwa ya unga na huchanganywa na maji maalumu ya mtengenezaji yuleyule. Timu inaweza kufika na chanjo ndani ya kisanduku cha baridi, barafu ikiwa bado imara, mabomba ya sindano yakiwepo na foleni ikiwa imeshapangwa, lakini kama maji yale yamesahauliwa stoo, hakuna mtoto atakayechanjwa siku hiyo. Hali kadhalika, tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF zimependekeza mtoto anayeharisha apewe ORS, na pamoja nayo zinki kwa siku 10 hadi 14, lakini bado mara nyingi hivi viwili huagizwa kana kwamba havijuani. Vifaa vinavyotumika pamoja viagizwe pamoja, vikaguliwe pamoja na vipakiwe pamoja.

Wapo watakaohofia kwamba kuagiza zaidi kutaacha dawa zikiisha muda wake kwenye rafu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake inafahamika: kinachokaribia kuisha muda ndicho kitoke kwanza, hata kama kilipokelewa mwisho, na ziada ihamishiwe kituo chenye upungufu mapema, si wiki ya mwisho.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa programu hizi waongeze safu mbili katika fomu ya mwezi: moja ya siku ambazo kila kifaa kilikosekana, nyingine ya watu waliokihitaji wakakikosa. Safu hizo zijazwe na mhudumu aliyekutana na watu hao ana kwa ana, kisha zisomwe na yule mwenye kuidhinisha maagizo kabla hajatia saini. Fedha zikija pungufu baada ya hapo, angalau itajulikana zimepungua kwa kiasi gani, na ni kifaa gani kitakachokosekana kwanza.

Wako,
Mtunza stoo wa huduma za mkoba