Mwanangu, mto ulichora kabla yako

Mwanangu mpendwa,

Ramani zako za klabu ya tenisi zimenifikia, na nimezitandaza mezani siku ya pili sasa. Paa lililooteshwa nyasi mbichi nimelipenda. Linainama kufuata ukingo, na mtu akiwa ng'ambo ya mto atadhani ni kichuguu tu. Hapo sina neno.

Kinachoninyima usingizi ni viwanja. Umevichimbia chini ili uzio usichomoze. Kishawishi hicho nakijua, kwa kuwa kiliwahi kuniangusha mwenyewe. Nilichimba mita moja na nusu, mteja akafurahi, picha zikatoka safi. Mvua zilipokuja mto haukufurika hata kidogo; maji yalipanda kutoka chini. Yalianza na doa la unyevu kwenye mstari wa nyuma, doa likazaa ufa, na asubuhi moja nikamkuta chura ametulia chini ya wavu kama refa. Maji ya ardhini kando ya mto hupanda na kushuka pamoja na mto. Ukichimba, umeyafuata yaliko.

Basi virudishe viwanja usawa wa ardhi, na kuficha ufiche kwa njia nyingine. Usikimbilie tuta la udongo: kila kifusi unachomwaga kwenye eneo la mafuriko kinachukua nafasi ya maji, na maji hayo yatahamia kwa jirani. Hangaika na uzio. Uzio wa waya ukiukingamia mkondo, hukamata matawi na takataka, ukawa ukuta wa bwawa, kisha hung'oka na nguzo zake. Weka vipande vinavyofunguka. Rangi iwe nyeusi. Ile ya kijani inayopendwa na kila mtu hung'aa kuliko majani yenyewe, sijui kwa nini tunaendelea kuinunua.

Halafu jua. Umevilaza viwanja sambamba na mto, na mto wako unatoka mashariki kwenda magharibi. Kwa jicho inapendeza, lakini mchezaji anayerusha mpira juu ili aanzishe saa kumi na moja jioni atapofuka. Kiwanja kilale kaskazini-kusini, au karibu na hapo, ncha yake ielekee mtoni. Usipime mistari peke yake, ile mita 23.77 kwa 10.97. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia unafika mita 36.57 kwa 18.29, na ukizungusha eneo lote hilo, viwanja vinne havitoshei bila kugusa ile miti mikubwa ya ukingoni.

Miti usiiguse. Mizizi yake ndiyo inayoushika ukingo. Wala usiisogelee mno, kwa kuwa mizizi hiyo hiyo hupasua sakafu, na kivuli chenye madoadoa humficha mchezaji mpira. Toa kiwanja kimoja, vibaki vitatu.

Swichi za umeme zipande juu ya alama ya mafuriko. Hilo halina mjadala.

Najua mwenye klabu atanung'unika kwa kiwanja kilichopungua. Usibishane naye ofisini. Mpeleke ukingoni jioni, msimamishe pale ulipochora mstari wa nyuma wa kiwanja cha kwanza, umpe mpira aurushe juu. Kisha nipigie.

Mama yako