Barua kwa mwanangu: usingoje watoto wakue

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na michoro ya wajukuu zangu nimeibandika ukutani. Mengine nitakujibu taratibu, ila hili la vitambaa nimeona nilijibu leo leo. Umeniambia umevikunja ukavirudisha kabatini, na kwamba mfarishi wa viraka, lile tandiko la tabaka tatu, uso wa viraka juu, pamba katikati na bitana chini, utaanza kuushona watoto wakishakua.

Wakishakua lini? Huyu mdogo akimaliza kutambaa atapanda juu ya kila kitu, na kabla hujakaa vizuri kaka yake atakuwa na kazi za shule mezani kila jioni. Siku iliyo tupu kuanzia asubuhi hadi usiku mimi bado sijaiona, na nyinyi mlikwisha ondoka nyumbani zamani.

Bahati yako ni kwamba kazi uliyoipenda inavumilia kukatizwa. Ukipaka ukuta rangi ukaitwa katikati, utakaporudi alama ya ulipoachia imeshakauka. Viraka havina kisirani hicho. Umeunga miraba miwili, mtoto kalia, umeondoka. Ukirudi kesho kutwa utaikuta miraba yako miwili imeungwa, inangoja wa tatu. Wengi wanaokata tamaa wanadhani wamekosa muda, kumbe wamechukua hatua inayotaka saa mbili za utulivu wakaiingiza kwenye dakika kumi za vurugu. Kwa hiyo, kabla hujafungua kabati, jua ni hatua zipi zinataka kichwa na zipi zinataka mikono tu.

Kukata kunataka kichwa. Kata siku watoto wamelala, au siku baba yao amewatoa. Vitambaa vipya vya pamba vifue kwanza, hasa vyekundu na vya buluu iliyokoza, rangi ichuje kwenye beseni badala ya kuchuja juu ya cheupe ulichokihangaikia. Vipige pasi vinyooke kabisa, ndipo upime. Ukitaka mraba wa sentimita 10 baada ya kushonwa, kata wa sentimita 11.2, kwa kuwa mshono unakula milimita 6 kila upande. Hizo milimita 6 usizifanyie mzaha. Mstari wa viraka 20 una mishono 19. Ukizidisha milimita moja tu kwenye kila mshono, kila mshono unakuibia milimita mbili, na mwisho wa mstari umepungukiwa na karibu sentimita 4. Hapo ndipo mtu anaanza kuvuta kitambaa kwa nguvu ili mistari ilingane, na mfarishi unatoka na mawimbi. Dawa yake ni rahisi: pima milimita 6 kutoka kwenye sindano ya cherehani, bandika hapo ukanda wa gundi, na kila kitambaa kipite kikiugusa ukanda huo. Macho yako yaangalie ukanda, yasiangalie sindano.

Wenye vifaa hukatia kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa mviringo, juu ya ubao wake maalumu. Kinakata tabaka kadhaa kwa mara moja na mistari yake haipindi. Ukikinunua, jizoeze kukifunga kila unapokiweka chini, hata kama unainuka kuchukua rula tu, na mahali pake pawe juu, mkono wa mtoto usipofika. Usipokinunua, mkasi mkali na mraba wa kadibodi vinatosha. Watu wameshona hivyo vizazi na vizazi, na kazi zao zimo kwenye makumbusho.

Ukishakata, kazi imebadilika. Panga viraka viwili viwili, uso kwa uso, uvibane kwa pini na uviweke kwenye kopo lenye mfuniko. Hiyo ndiyo akiba yako ya siku za mbio. Ukipata robo saa, keti kwenye cherehani, pitisha jozi ya kwanza, na usikate uzi. Acha sindano itembee hatua mbili tatu nje ya kitambaa, kisha ingiza jozi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Zitatoka upande wa pili zimefuatana kwenye uzi mmoja, na utashangaa robo saa imezaa nini. Kuzitenganisha kwa mkasi ni kazi ya mtu mwenye usingizi. Hata mkubwa wako anaiweza akipewa mkasi wa ncha butu. Pasi nayo isipelekwe kama unavyonyoosha shati. Ikandamize, inua, kandamiza tena. Ukiiburuta inavuta nyuzi na mraba unaacha kuwa mraba. Mshono ulaze upande wa kitambaa cheusi zaidi, usionekane kupitia kile cheupe.

Halafu kuna ile kazi ambayo kwangu mimi ndiyo rafiki wa mama kuliko zote, nayo haitaki hata cherehani. Kata karatasi ngumu umbo la pembe sita, pande zote sawa. Funika kila karatasi kwa kipande cha kitambaa, kunja kingo nyuma yake, uzishike kwa mishono mikubwa ya bandi. Ukiwa na maumbo mawili, yakutanishe uso kwa uso, uyaunge ukingoni kwa mishono midogo ya kuzungusha. Saba yanatoa ua: moja katikati, sita kulizunguka. Karatasi unaitoa umbo likishazungukwa pande zote, na unaitumia tena. Sindano, uzi, subana, mkasi mdogo na maumbo kumi vinaingia kwenye kijaluba kimoja. Kiweke kwenye mkoba. Foleni ya kliniki, gari la shule lililochelewa, mtoto anayegoma kulala mpaka uketi kando yake: hizo dakika zilikuwa zinapotea, au zinaliwa na simu. Sisemi simu ni mbaya, nami ninayo. Nasema tu saa moja ya simu haiachi kitu mkononi.

Usije ukafikiri ushauri huu ni wa wanawake wenye nafasi. Wale wa Gee's Bend, kijiji kilichokumbatiwa na kona ya mto huko Alabama, Marekani, walikuwa wajukuu na vitukuu vya watumwa. Walishinda mashambani, wakirudi walikuwa na watoto na nyumba zinazopitisha baridi. Wakachukua suruali za kazi zilizochakaa magotini, magauni yaliyokwisha, magunia, wakaunga. Ukitazama mifarishi ya zile suruali utaona mahali palipokuwa na mfuko: kitambaa pale bado ni cha buluu nzito, na kando yake jua limekifubaza. Mwaka 2002 kazi hizo zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney mjini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazichapa kwenye stempu. Mistari yao mingi haikunyooka. Mimi naipenda hivyo hivyo. Ile iliyonyooka kupita kiasi hunichosha macho.

Na wapo Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku Afrika. Namna yao ningependa uijaribu siku moja, kwa sababu haitaki kupima hata kidogo. Hawaungi uso kwanza wakatafuta bitana baadaye. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni, wanaweka kipande, wanakunja ukingo wake na kukishona kwa mkono moja kwa moja juu ya kile cha chini, kisha kipande kingine, wakizunguka kuelekea katikati mpaka mshono wa mwisho unakutana na kati. Kushona uso na kushikanisha tabaka kunakwenda pamoja. Kwenye pembe nne wanaweka vijipande vya pembetatu vilivyokunjwa, kama pambo, na wasipoviweka wanaona kazi haijaisha. Kwa mama anayeinuliwa kila mara, mtindo wa kuanzia popote ulipoachia ni neema.

Hatua nyingine inayotaka siku yako yenyewe ni kutandaza tabaka. Bitana chini, uso wake ukielekea sakafuni, umenyooshwa na kubandikwa kingo zake, katikati pamba, juu viraka vyako. Bitana na pamba viachie sentimita 10 zaidi kila upande, kwa sababu vinasogea. Kisha bana kwa pini za usalama, kuanzia katikati kwenda nje, umbali wa kiganja kati ya pini na pini. Hapa usimkaribishe mtoto wala paka. Baba yako anaijua vizuri sana sauti ya pini moja iliyobaki kwenye zulia, na majirani waliijua pia. Ukishabana hivyo, unaweza kuukunja mfarishi wote ukauweka pembeni mwezi mzima bila kitu kuharibika, na kushikanisha tabaka ukakufanya kidogo kidogo, mstari mmoja leo, mmoja keshokutwa. Kwenye pakiti ya pamba huandikwa umbali usiopaswa kuzidi kati ya mshono na mshono; ufuate, la sivyo pamba itajikusanya mafungu mafungu ukifua.

Sasa niseme jambo ambalo najua litakufika. Ukimaliza wa kwanza, watu watauona. Wifi atataka wa mtoto wake, mwenzako kazini atauliza bei, na wewe ni mtu wa kuona haya kukataa. Kataa, angalau miaka ya mwanzo. Siku unayoahidi mfarishi kwa tarehe fulani, umejiongezea kazi nyingine ndani ya nyumba iliyojaa kazi, na cherehani itaanza kukukodolea macho kila unapopita. Nina kisa cha Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alishona visa vya Biblia kwa vitambaa, na mwaka 1886 mfarishi wake ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens huko huko Georgia. Mwanamke mmoja mchoraji akautaka, Harriet akakataa kuuza. Miaka michache baadaye hali ikambana. Akaomba dola 10, akapewa 5. Inasimuliwa kwamba baada ya hapo alikwenda mara kadhaa kwa yule mnunuzi kuutazama tu. Leo umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington. Harriet alisukumwa na shida. Wewe usisukumwe na haya.

Kuhusu mume wako, usimwombe ruhusa ya kukaa na vitambaa, mwambie saa. Mwanamume akiambiwa "Jumamosi baada ya chakula cha mchana mpaka saa kumi, watoto ni wako" anaelewa. Akiambiwa "nikipata nafasi nitashona kidogo", anaelewa kwamba hakuna jambo. Wala saa hizo usizilipie kwa kukesha ukifua. Yeye ana mpira wake na hajawahi kuulipia.

Watoto wape sehemu yao, ila si kila sehemu. Kupanga viraka sakafuni kabla ya kushona waachie kabisa. Watoto hawaogopi rangi, wataweka njano kando ya zambarau mahali ambapo wewe ungezunguka siku tatu ukiogopa. Piga picha mpangilio kabla mdogo hajaupitia kwa magoti, kisha kusanya mstari kwa mstari na uandike namba kwenye kijikaratasi cha juu.

Huyo mdogo mwenyewe, najua moyo wako unataka wa kwanza uwe wake. Sawa, mshonee, lakini asilale nao mpaka atimize mwaka mmoja. Kitandani mwa mtoto mchanga mfarishi uliolegea, kama mto, unaweza kumziba pumzi. Utandike sakafuni achezee juu yake mchana ukimtazama. Baadaye ataulalia mpaka uchanike, na uchanike kweli. Usiufanye wa kabatini.

Ukubwa nashauri mita moja kwa mita 1.2. Kwa miraba ile ya sentimita 10 ni viraka 120, mistari 12 ya viraka kumi kumi. Wa kitanda kikubwa uache kwanza. Hauchoshi kwa wingi wa viraka kama unavyochosha kwa uzito, maana unapofika kushikanisha tabaka unasukuma furushi zima chini ya mkono wa cherehani, na mgongo unadai haki yake.

Na kabla hujagusa kitambaa, badilisha sindano ya hiyo cherehani. Uliyoikuta humo sijui imeshona nini. Weka namba 80, hatua ya mshono iwe milimita 2.5, ujaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Ikiruka mishono, au uzi wa chini ukifanya vifundo, niandikie ukinieleza umetumia uzi gani, na unipigie picha ya upande wa nyuma, kwa sababu ugonjwa huonekana huko.

Wasalimie wote.

Mimi mama yako