Mwanangu, faili lako halijafungwa

Voi, Taita-Taveta

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua, na mvua za msimu huu zimetupita kushoto kama kawaida ya huku kwetu. Hayo tutayaongea kwa simu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo hili ukiwa kwenye simu unalikwepa. Nikiligusa tu, unaanza kuniuliza habari za mbuzi.

Dada yako alinitumia nakala ya DD 214 yako, ile hati ya Jeshi la Marekani ya kuachishwa kazi, nikaichapisha pale saiba. Nimeisoma kama nilivyozoea kusoma hati za mahakama miaka yote niliyokuwa karani: kisanduku baada ya kisanduku, bila kukimbilia mwisho. Najua kinachokuuma ni kisanduku cha 24, kinachosema uliachishwa jeshi katika hali isiyo ya heshima. Cha 28 kinataja sababu, kwamba uliomba kuondoka badala ya kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Lakini karatasi hiyo hiyo, ukipanda juu hadi kisanduku cha 13, inasema ulipewa Beji ya Mapambano, ambayo Jeshi la Marekani halimpi askari mpaka awe amekutana na adui vitani. Na kisanduku cha 18 kimetaja Afghanistan. Sifa yako na aibu yako zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akauliza zinahusianaje. Wewe mwenyewe hujauliza. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikutoe kwenye neno moja unalopenda kujipiga nalo. Hukuachishwa kwa fedheha. Kuachishwa kwa fedheha, na kule kwa mwenendo mbaya, ni adhabu zinazotolewa na mahakama ya kijeshi baada ya mtu kupatikana na hatia. Wewe hukusimama mbele ya hakimu yeyote. Yako ilikuwa hatua ya kiutawala: uliwekewa karatasi mezani, ukaambiwa ukitia sahihi utakwenda zako, ukatia. Mjomba wako anaposema ulihukumiwa, mimi humsahihisha papo hapo, na ningependa nawe uache kumkubalia.

Pili, yule mwenzako wa kambini aliyekwambia kwamba baada ya miezi 6 karatasi hujisafisha yenyewe, alikupa uvumi. Uvumi huo umezunguka kambini tangu zamani na umewapotezea watu wengi muda. Hakuna kinachobadilika bila mwenyewe kuomba. Unajaza fomu inayoitwa DD 293, unaipeleka kwa bodi ya Jeshi inayopitia upya namna askari walivyoachishwa, na hulipi hata senti. Dirisha lake ni miaka 15 tangu siku ya kuachishwa. Wewe uliondoka 2016, kwa hiyo mwisho wako ni 2031. Ikipita hapo kuna bodi nyingine, ile ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, inayotumia fomu ya DD 149. Hiyo ina muda wa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa inaweza kuusamehe ucheleweshaji ikiona haki inataka hivyo. Ukiwa na mlango wa kwanza ulio wazi, usingojee kubisha wa pili.

Linaloninyima usingizi hasa ni uraia wako. Ulichukuliwa mwaka 2013 kwa mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wasio na makazi ya kudumu kuingia jeshini, mradi wawe wahudumu wa afya wa fani fulani au wanajua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Tulifurahi sana hapa nyumbani. Lugha uliyofundishwa na mama yako ilikupa uraia wa Marekani ukiwa bado na magwanda ya mafunzo. Lakini sheria iliyokupa uraia huo inasema kwamba aliyepata uraia kupitia jeshi, kisha akaachishwa katika hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, anaweza kunyang'anywa. Haitokei usiku mmoja, serikali ni lazima ifungue kesi. Hata hivyo wewe ulitumikia miaka 3, na unalala juu ya hatari hiyo kila siku bila kuitaja. Ukipandishwa hata ngazi moja, ukafika kwenye kuachishwa kwa jumla chini ya masharti ya heshima, hoja hiyo inakufa. Ngazi hiyo inakupa pia matibabu na fidia ya ulemavu katika Idara ya Maveterani, ile inayohudumia askari wa zamani. Karo ya chuo inayolipwa na serikali ndiyo inayodai heshima kamili, kwa hiyo kwenye fomu omba heshima kamili, kisha uandike kwamba bodi isipoona hivyo, basi ikupe hiyo ya pili.

Sasa nakuja kwenye lililo gumu. Fomu yenyewe ni kurasa chache. Ugumu uko kwenye maelezo utakayoambatanisha, kwa sababu huko lazima useme yaliyokupata, na wewe hujawahi kuyasema yote kwa mtu. Mimi najua vipande. Najua lori lako lilirushwa na bomu la barabarani, ukazimia, ukazinduka masikio yakivuma, na baada ya siku chache ukarudishwa kwenye usukani. Najua uliporudi Marekani ulianza kunywa, ukawa hulali, ukakosa kuhudhuria paredi ya asubuhi, mwishowe ukatoka kambini ukakaa nje zaidi ya mwezi bila ruhusa. Kwenye faili kuna hilo la mwisho tu. Bodi haiwezi kuhurumia jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

Na wameagizwa wasikilize. Mwaka 2014 aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Chuck Hagel, alizitaka bodi za kusahihisha kumbukumbu ziwafikirie kwa upole askari wa zamani, hasa wale wa Vietnam, walioachishwa vibaya huku wakiwa na kiwewe cha vita ambacho wakati wao hakikuwa hata kwenye vitabu vya madaktari, kwani kilitambuliwa rasmi mwaka 1980. Agosti 2017 ukatoka mwongozo mpana zaidi, uliojumuisha majeraha ya ubongo na unyanyasaji wa kingono. Unaitaka bodi ijiulize maswali 4. Je, kulikuwa na hali au tukio linaloweza kuueleza mwenendo wa askari huyu? Lilikuwepo wakati wa utumishi wake? Je, kweli linapunguza uzito wa kosa? Na mwisho, linalizidi kosa lenyewe? Mwongozo unasema pia kwamba maneno ya askari mwenyewe, ya mdomo au ya maandishi, peke yake yanaweza kuthibitisha kwamba hali hiyo ilikuwepo. Mimi niliyekaa mahakamani miaka mingi nakwambia, ni nadra kumkuta mwombaji aliyewekewa njia kama hiyo.

Kwenye swali la pili mimi ni shahidi wako. Ulikuja likizo mwaka 2015, ukiwa bado askari. Usiku ulikuwa ukitoka chumbani unalala barazani, mgongo ukutani, uso kwenye geti. Na siku ile tulipokuwa tukivuka barabara kuu ya Mombasa, gurudumu la lori likapasuka karibu nasi, ukamsukuma mama yako mtaroni ukamlalia. Kitenge chake kilichanika na kiwiko kikachubuka. Watu wa stendi walicheka. Wewe ulibaki pale chini ukitetemeka, umemshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Hayo nimeyaandika kwenye hati ya kiapo, mama yako naye ya kwake, na tumeapa mbele ya kamishna wa viapo hapa Voi. Nakala zimeshafika kwa dada yako. Sikuongeza sifa wala maombi, nimeandika tu tulichokiona, na mwaka.

Nilikutambua siku ile kwa sababu babu yako alikuwa hivyo. Alipigana Burma mwaka 1944 na wale KAR, askari wa Afrika Mashariki waliokuwa chini ya Waingereza, na nikiwa mtoto nilikuwa nikimsikia akipiga kelele usiku, bibi yako akiwasha koroboi na kumwita kwa jina mpaka arudi. Watu walisema ana pepo. Hakuna aliyemuuliza Burma kulikuwaje, akafa nalo.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwa daktari. Sheria ya mwaka 2018 inawapa waliotumikia kwenye maeneo ya vita haki ya kutibiwa afya ya akili na Idara ya Maveterani, hata kama karatasi yao ni kama yako. Wakikuzungusha dirishani, wakisema karatasi yako mbaya, taja sheria hiyo na uombe wakuandikie jibu. Mwombe daktari aandike anachokiona na, kama anaamini hivyo, kwamba kilianzia vitani. Kwa askari aliyepelekwa vitani kisha akagunduliwa kuwa na kiwewe au jeraha la ubongo, sheria inataka ndani ya jopo la bodi awepo daktari au mtaalamu wa saikolojia, kwa hiyo barua hiyo itasomwa na mtu anayeielewa.

Agiza faili lako zima la utumishi, pamoja na la matibabu, usitegemee ulichonacho kwenye droo. Kuna fomu ya kuomba kumbukumbu hizo. Utakapozipata, tafuta kama kuna mahali palipoandikwa kwamba ulichunguzwa kichwa baada ya lile bomu. Mtafute pia yule mwenzako wa Ghana mliyekuwa naye kwenye lori, akuandikie alichokiona kwa macho yake. Na ya baada ya jeshi yanahesabiwa: barua ya msimamizi wako wa ghala, ya mchungaji, na cheti cha ile programu uliyomaliza ya kuacha pombe. Hilo la pombe usilifiche, ni sehemu ya ushahidi kwamba ulikuwa mgonjwa na ulijitafutia tiba.

Usiifanye peke yako. Vyuo vingi vya sheria huko vina kliniki zinazowasaidia maveterani bure, na kwenye kaunti nyingi kuna afisa wa maveterani asiyedai malipo. Ukiona mtu anataka dola elfu kadhaa kwanza na anakuahidi ushindi, mkimbie. Muulize wakili kama uombe wasome faili tu au ufike mbele ya jopo kwa video. Mimi ningependa wakuone na wakusikie, ila wakianza kwa kusoma faili wakakataa, bado unaruhusiwa kuomba kusikilizwa kabla ya miaka ile 15 kwisha. Jibu linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Wakikubali, watakutolea DD 214 mpya, na uwaombe wabadilishe pia kile kisanduku cha 28, maana mwajiri anasoma hicho kabla ya vingine.

Jumapili baada ya ibada nitapiga. Kaa na kalamu. Tutaanza na siku ile ya bomu, wewe unasema, mimi naandika, kwa Kiswahili, na dada yako atakaa na wakili waitafsiri. Ukichoka tutaacha, tutaendelea Jumapili inayofuata. Nitakachotaka siku ya kwanza ni mambo mawili tu: jina la barabara mliyokuwa mkipita, na jina la yule kijana wa Ghana.

Mama yako amesimama nyuma yangu hapa, anasema ule, ulale, na umpigie leo.

Ni mimi baba yako.