Bahasha ya dawa ya kolestro isiandikwe "1x1" tu

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako kuhusu statini, vidonge vya kushusha kolestro. Watu wanaviacha kwa maneno waliyoyasikia kwenye bajaji au kikundi cha WhatsApp. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoponza. Majina ya dawa tunayaandika kama yalivyo kwenye boksi.

Tazama bahasha za kaki. Mgonjwa wa presha anatoka duka la dawa pale Mwanjelwa na bahasha mbili, zote zimeandikwa "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Moja ina amlodipine 10 mg, nyingine simvastatin 40 mg. Amlodipine huchelewesha mwili kuivunja simvastatin, nayo inarundikana kwenye damu na inaweza kudhuru misuli. Ndiyo maana anayemeza amlodipine hatakiwi kuvuka simvastatin 20 mg kwa siku. Tena "1x1" haisemi saa. Simvastatin haikai sana mwilini, na ini hutengeneza kolestro zaidi usiku, kwa hiyo humezwa jioni. Atorvastatin na rosuvastatin hudumu. Saa yoyote inafaa, mradi iwe ile ile kila siku. Muuzaji anayembadilishia mtu atorvastatin kwa simvastatin kwa kuwa "ni zile zile" ajue amebadilisha masharti pia.

Erythromycin na clarithromycin, ambazo mtu huzinunua akikohoa siku tatu, ni hatari zaidi: simvastatin husimamishwa mpaka dozi hiyo iishe. Ketoconazole ya kumeza kwa ajili ya fangasi ni vivyo hivyo. Na kwa mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya, ambako walio kwenye ARV ni wengi, aliye kwenye lopinavir au atazanavir zinazoambatana na ritonavir asipewe simvastatin kabisa; daktari ana statini nyingine za kuchagua. Dolutegravir, ARV nyingine, haina ugomvi huo. Tunajua foleni ya dirishani ina masikio. Andika dawa zako kwenye kikaratasi, mpe mfamasia asome kimya.

Sasa misuli. Maumivu ya statini kwa kawaida hushika pande zote mbili, mapaja yote au mabega yote, wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Goti moja linalouma baada ya palizi si hilo. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2020 uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, ukawapa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa, na miezi bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge visivyo na dawa. Hawakuwa wakidanganya, waliumwa kweli; ila dawa haikuwa chanzo kikuu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai isiyo na maziwa huku misuli inauma na kulegea, hapo acha kidonge siku hiyo hiyo na uende hospitali, wapime figo na CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli inaharibika. Ni nadra sana, lakini hakungoji tarehe ya kliniki.

Kuna kipimo kinachosahaulika: tezi ya shingo. Tezi ikizembea, kolestro hupanda na misuli huuma, yote mawili kwa pamoja, hata kabla ya statini. Nyanda hizi zina historia ndefu ya rovu, kwa hiyo TSH, kipimo cha damu cha tezi hiyo, ipimwe kabla ya kulaumu kidonge. Tezi ikitibiwa, huenda kolestro ikashuka yenyewe.

Parachichi la Rungwe linasingiziwa bure. Hakuna mmea unaobeba kolestro ya kukutia wasiwasi, na mafuta ya parachichi, kama ya alizeti, ni ya aina isiyoganda. Mawese ya Kyela ni habari nyingine, karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, sawa na ya kitimoto na zaidi. Maharage kila siku yanasaidia. Lakini sehemu kubwa ya kolestro hutengenezwa na ini lako mwenyewe, kwa hiyo aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo hawezi kutegemea sahani peke yake.

Halafu wapo wanaoacha kwa furaha: LDL, ile kolestro mbaya, imeshuka toka 4.9 hadi 2.5, "nimepona". Kidonge kinalizuia ini kutengeneza kolestro kwa muda tu kinapomezwa. Ukiacha, baada ya wiki chache namba inarudi ilikokuwa. Na ukibadilisha maabara, angalia kizio kabla ya kushtuka. Hiyo 4.9 ya mmol/L ni 190 kwa mg/dL, unazidisha kwa 38.7. Kipimo cha kwanza baada ya kuanza dawa ni wiki ya 6 hadi 12, na uende na bahasha zote, pamoja na ile ya mitishamba.

Wafamasia wawili,
Mbeya