Kugongana kwa Kiingereza

Wapendwa, habari za jioni. Jana humu kulizuka ubishi: bodaboda iliyoparamia nguzo kule Majengo, je, ni "collide"? Kwa jadi hapana. Neno hilo linataka vitu viwili vilivyo kwenye mwendo vikutane, kama sisi tunavyotenganisha kugonga na kugongana. Nguzo haikuwa safarini. Magazeti siku hizi hayajali sana, lakini "crash" inatosha, hata chombo kikiwa peke yake.

"Clash" ndiyo tamu zaidi. Ni ya vipindi viwili vilivyopangwa wakati mmoja, ya shati la kijani na suruali ya zambarau (mnajijua), na ya wakulima na wafugaji wakivaana siku moja. Uhasama huo ukidumu miaka, hapo semeni "conflict". Likiwa nomino, mkazo uko mwanzoni. Likiwa kitenzi, uko mwishoni. Na mgongano wa maslahi nao ni "conflict", msije mkaandika "collision" kwenye barua ya kazi!

Jumamosi saa 10 jioni, Nyerere Square, kila mtu na sentensi zake tatu. Ikigongana na harusi, niambieni mapema.