Karatasi Ile Haikuwa ya Kuwekea Sahani: Barua kwa Vijana Wetu wa New Haven

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliotoka Kenya na Tanzania, ninyi ndugu zetu wa Kongo mliofika hapa baada ya miaka mingi kambini, na ninyi wadogo mliozaliwa papa hapa Connecticut, mnaoambiwa jambo kwa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza. Jumapili ile nilitaka kusema, koo likanikaba. Nikarudi nyumbani na maneno yangu, na usingizi haujanipata vizuri tangu hapo.

Mnakumbuka tulikuwa tunakula pilau ukumbini baada ya ibada. Akaingia mama mmoja wa mtaa huu, Mmarekani mweusi, mtu mzima wa makamo yangu, na karatasi mkononi. Akaeleza kwa upole kwamba mjini kuna mazungumzo ya kutafuta ruzuku ya kupanga chuo cha watu weusi, na kwamba anakusanya majina ya wakazi walio tayari kutoa maoni. Karatasi ikazunguka meza zote. Tulikuwa zaidi ya arobaini. Iliponirudia ilikuwa na majina matatu, na duara la mafuta katikati, kwa kuwa mmoja wenu alikuwa ameiwekea sahani juu yake. Na mwingine nilimsikia akisema, akijua mgeni haelewi Kiswahili: "Hayo ni mambo yao. Sisi tumekuja kutafuta maisha."

Yao. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Hebu niwaambie jambo lililotokea katika mji huu mnaolipa kodi ya nyumba. Mwaka 1831, watu weusi huru walikutana Philadelphia wakakubaliana kuanzisha chuo cha vijana wao, na wakauchagua mji wa New Haven. Mchungaji Simeon Jocelyn, mzungu aliyekuwa akihudumia kanisa la weusi hapa, alikuwa mbele katika jambo hilo. Mfanyabiashara Arthur Tappan wa New York alikwishanunua ardhi. Zilitakiwa dola 20,000, na katika bodi weusi ndio wangekuwa wengi. Tarehe 10 Septemba meya akaitisha mkutano. Ilikuwa wiki tatu hivi tangu Nat Turner aongoze uasi wa watumwa Virginia, na hofu ilikuwa imetanda. Wenye mji wakapiga kura: 700 wakakikataa chuo, 4 wakakitaka. Walisema kingeharibu ustawi wa Yale, chuo kikuu cha mji huu, na wa shule za wasichana. Baada ya hapo nyumba ya Tappan ikashambuliwa na genge.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu weusi wa New Haven hawakuwa katika hesabu ya kura hizo, si 700 wala 4. Katiba ya Connecticut ya 1818 iliwapa kura wanaume weupe peke yao. Wenye haja na chuo walikaa nje huku wengine wakiamua ndani. Ninyi mliletewa karatasi hadi mezani, na kalamu juu yake, mkaipitisha kama kikapu cha sadaka mtu asipokuwa na sarafu.

Mnasema si yenu. Kwani mtoto wenu akisimamishwa na polisi usiku pale Dixwell, ataulizwa kwanza kama babu yake alizaliwa Uvira au Alabama?

Na historia nayo haikubaliani nanyi. Mwaka 1927 kijana wa Kiambu, Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange, alipanda meli kuja Marekani. Alipokelewa Hampton, kule Virginia, shule iliyojengwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo yao. Alisoma, akaendelea Ohio na New York, akarudi nyumbani 1938. Mwaka uliofuata kikafunguliwa Chuo cha Walimu cha Githunguri. Watu wa rika wakachanga, wazee wakauza mbuzi, ili shule za Waafrika zipate walimu bila kumpigia magoti mmisheni wala serikali. Mimi ni mtoto wa upande ule. Baba yangu alifundishwa kusoma na mwalimu aliyetoka Githunguri. Ukilifuata hilo nyuma hatua kwa hatua, herufi za kwanza nilizofundishwa na baba yangu zilipitia Hampton. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikakifunga chuo, na mahali pale pakageuzwa pa kunyongea watu wetu. Wakoloni walikuwa wanajua chuo ni nini. Ninyi mmeweka sahani.

Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria nao walisoma Lincoln, Pennsylvania, chuo cha watu weusi. Banda wa Malawi alipata udaktari wake wa tiba Meharry, Nashville, nacho chuo cha watu weusi. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wajukuu wa watumwa ndio viongozi wetu waliopitia, halafu sisi tukishavuka tunasimama pembeni na kusema hatuwajui wenye nyumba. Nimewasikia mkisema Wamarekani weusi ni wavivu. Nimewasikia mkiwaambia watoto wasicheze nao. Maneno hayo mmeyaokota kwa watu wasiowapenda wao wala ninyi. Yatemeni.

Jambo la pili. Kijana mmoja, tena msomi, alinifuata nje akasema, "Mzee, pesa yenyewe ni ya kupanga tu. Hata jengo hakuna." Alisema "tu" kwa dharau.

Mwanangu, mimi nimewahi kujenga bila kupanga. Miaka ya sabini kijijini kwetu tulifanya harambee ya shule ya sekondari, nami nilikuwa mweka hazina. Bibi mmoja mjane aliniletea shilingi mbili alizozifunga kwenye ncha ya leso. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno. Nikamwandikia risiti, akaikunja mara nne na kuifunga palepale pesa zilipotoka. Tukainua madarasa manne ya mawe, tukapaka chokaa, mgeni wa heshima akaja akakata utepe. Hakuna aliyekuwa ameuliza maji yatatoka wapi. Hakuna aliyeuliza nani atalipa walimu, wala kama shule ingeweza kusajiliwa ilhali nyingine ilikuwa mwendo wa nusu saa. Mwaka wa pili mabati yalianza kung'olewa usiku. Mbuzi walilala humo. Bibi yule alikuwa akipita pale kwenda kisimani, na hakuniuliza kitu hadi alipofariki. Ni afadhali angeniuliza.

Kwa hiyo usiniambie ruzuku ya kupanga ni pesa ya maneno. Chukua hili peke yake: Sheria ya Elimu ya Juu ya Marekani ya 1965 inatambua kuwa chuo cha kihistoria cha watu weusi kile tu kilichoanzishwa kabla ya 1964. Vipo takriban mia moja, na zipo fedha za serikali kuu zilizotengwa kwa ajili yao. Chuo kitakachozaliwa leo hakiingii katika orodha hiyo, hata kikijaa weusi watupu. Ndiyo maana wengine wanaona heri kualika chuo kilichopo kifungue tawi. Tawi la nani? Kwa mkataba gani? Cheti kitatolewa na nani, na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, itapatikanaje katika jimbo hili? Hayo yote ni kazi ya kupanga, na yanataka mtu wa kulipwa ayashughulikie.

Mengine nayasema kwa kifupi. Someni karatasi kabla ya kuikataa. Ulizeni kuhusu ardhi, na kama kuna mpangaji wa nyumba atakayehamishwa. Ulizeni masomo ya jioni, maana wengi wenu mnafanya zamu. Ulizeni mwenye vyeti vya Bukavu au Kisumu atapokelewaje. Msikubali mtu mmoja ajifanye msemaji wetu.

Na mji huu nao una la kujibu. Edward Bouchet alizaliwa hapa, akasoma Yale, na mwaka 1876 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Marekani, katika fizikia. Hakuna chuo kikuu kilichomwajiri. Akaenda kufundisha Philadelphia, katika shule ya vijana weusi iliyoanzishwa 1837, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Cheyney, na akakaa huko miaka 26. Mji uliokataa chuo ulimpoteza mwalimu ambaye uliwahi kumzaa. Kabla yake mweusi mwingine, James Pennington, aliruhusiwa kukaa darasani Yale asikilize, asiulize swali wala kuazima kitabu. Mwaka 2024 Yale iliomba radhi kwa kuhusika kwake na utumwa, na madiwani wa mji nao wakaomba radhi kwa kura ya 1831. Nimeyapokea. Ipo pia fedha ya masomo yenye jina la Pennington, inayowapeleka watoto wa New Haven katika vyuo vya watu weusi kama Hampton, Morehouse na Spelman. Ni jambo jema, na kila mtoto anayeipata namwombea. Lakini bado tunawafungasha watoto mizigo kwenda mbali kutafuta kilichokataliwa hapa karibu miaka 200 iliyopita, huku chuo chenye mali ya zaidi ya dola bilioni 40 kikiwa katikati ya mji. Radhi isiyo na kiwanja wala bajeti mimi naihesabu nusu.

Siwachukii, wanangu. Najua mnavyochoka. Nawaona mkiingia kanisani na sare ya kazi ya usiku, mtoto begani, macho mekundu. Najua pia kwamba mtu aliyekimbizwa mara mbili hana haraka ya kuandika jina lake kwenye karatasi asiyoijua. Kama hiyo ndiyo sababu, njooni mniambie, tuisome pamoja neno kwa neno. Muda ninao.

Yule mama nilimpigia simu kumwomba msamaha. Akanijibu kwamba hata watu wake wengine hawakuandika, akaniuliza pilau hupikwaje. Nimemwalika Jumapili. Karatasi nimeipangusa, doa halikutoka, na sikutaka kumwomba nyingine. Itakuwa kwenye meza ya mlangoni, kando ya birika la chai, na kalamu nimeifunga kwa uzi.

Mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu